Wayahudi na maisha baada ya kifo: maswali yenu yajibiwa

Ni kweli Wayahudi hawaamini maisha baada ya kifo?

Si kweli, ila uvumi huo una chanzo. Vitabu vitano vya Musa havielezi waziwazi pepo wala moto; aliyekufa hushuka Kuzimu, basi. Tamko bayana la ufufuo liko Danieli 12:2. Enzi za Hekalu la Pili Masadukayo waliukataa, Mafarisayo wakaushikilia. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, msimamo wa Mafarisayo ndio uliodumu. Maimonides, rabi na mwanafalsafa wa karne ya 12, aliuweka ufufuo kuwa msingi wa 13 na wa mwisho wa imani. Marabi (walimu wa dini) wa Mageuzi, tawi la Uyahudi linalobadili desturi za kale, waliokutana Pittsburgh mwaka 1885 waliukana ufufuo wa mwili, wakabaki na roho isiyokufa.

Jirani yangu alifiwa na baba yake, akasali Kadishi, sala ya wafiwa, miezi 11 tu. Mbona hakumaliza mwaka?

Kumaliza mwaka kungemvunjia baba heshima. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi (Eduyot 2:10), inasema hukumu ya waovu katika Gehinomu, mahali pa adhabu baada ya kifo, ni miezi 12. Mtoto akisali yote 12, ni kama anawatangazia watu kuwa mzazi wake alikuwa muovu wa kupindukia. Rabi Moses Isserles wa Krakow, karne ya 16, aliiandika desturi ya kukomea 11. Wengi hukosea kwa kusali hadi siku ya kumbukumbu ya kifo: kalenda ya Kiyahudi ina baadhi ya miaka ya miezi 13, lakini hesabu ya Kadishi haiongezwi. Lazima wawepo watu wazima 10, na kwa Waorthodoksi, Wayahudi wanaoshika sheria za kale, wawe wanaume. Isitoshe, Kadishi ya kila siku ya wafiwa haitaji kifo hata mara moja. Ni kumtukuza Mungu tu.

Maiti huandaliwaje?

Wanaume huosha wanaume, wanawake huosha wanawake. Kwanza mwili husafishwa, kucha zikiwemo. Pete na rangi ya kucha huondolewa ili maji yafike kila mahali. Kisha humwagiwa maji ya utakaso, kavi 9 (kavi ni kipimo cha kale), kama lita 22. Kwa kawaida hutumika ndoo tatu, na ya pili huanza kumwagwa kabla ya ya kwanza kuisha. Mkondo ukikatika, umwagaji huanza upya. Hapo ndipo wageni wa kazi hii hukwama, kwa hiyo ndoo zote hujazwa na kupangwa mapema. Sanda ni nyeupe, haina mifuko, na kamba zake hazipigwi fundo gumu. Tajiri na maskini huvishwa sawa: Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi, inasimulia kuwa gharama za mazishi ziliwahi kuwaelemea ndugu hadi wakaitelekeza maiti na kukimbia, ndipo Rabani Gamalieli, kiongozi wa marabi, akaagiza yeye azikwe kwa kitani cha kawaida.

Aliyekufa akivuja damu nyingi kwa kawaida haoshwi. Huzikwa na nguo zake zenye damu, kwani damu ile ni sehemu ya mwili.

Asiye Myahudi ana nafasi?

Anayo. Kwa Maimonides, wachamungu wa mataifa wana fungu katika ulimwengu ujao. Amri zao ni saba za Nuhu, zinazowahusu wanadamu wote. Hawalazimiki kuingia Uyahudi.

Na kuzaliwa upya katika mwili mwingine?

Saadia Gaoni, rabi wa karne ya 10, aliyaita mambo hayo upuuzi. Baadaye wafuasi wa Kabala, mafundisho ya siri ya Kiyahudi, hasa shule ya Isaac Luria kule Safed, mji wa Galilaya, waliyafundisha kwa kirefu, na Wahasidi, kundi la Wayahudi wacha Mungu, wengi wao wanayaamini hadi leo.