Wazee wa chama wameikataa programu yangu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni kijana wa miaka 26, nimesomea kompyuta nikarudi nyumbani Moshi vijijini. Nimetengeneza programu ya chama chetu cha msingi cha kahawa, mkulima akipima tu kilo zinaingia kwenye mfumo na meseji anapata hapohapo, malipo ya awali na ya pili (ile nyongeza kahawa ikishauzwa) yote anayaona. Miezi minne nimekesha. Siku ya kuionyesha mkutanoni mwenyekiti, ambaye ni rika la babu yangu, akashika simu akabonyezabonyeza kama dakika nzima afu akanirudishia, "daftari linatosha, mjukuu." Watu wakapiga makofi. Nimeumia sana. Wazee hawataki maendeleo au kosa ni langu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kukurudishia simu vile mbele ya watu hakukuwa sawa, mzee angekuita pembeni.

Ila kwenye barua yako yote hujasema kama uliwahi kukaa na karani siku ya mzani kabla hujaanza kazi. Baba yangu alikuwa karani wa chama, lile daftari nimekua nalo mezani. Linaandikwa kwa peni, penseli marufuku, na akikosea kilo anakata mstari mmoja tu ili namba ya zamani ibaki inasomeka, pembeni anasaini yeye na mkulima naye anasaini au anaweka dole gumba. Sasa kwenye programu yako mtu akibadilisha 48 ikawa 43, ile 48 inabaki wapi? Kama inafutika basi mzee ana hoja, hata kama hakuisema. Ushirika kwenu ni wa siku nyingi, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ni ya 1933, na kinachogombanisha watu ni kilo na hela ya malipo ya pili, kwahiyo anachowaza mwenyekiti ni ile siku mkulima atasimama aseme nimepunjwa na chama hakina cha kumuonyesha.

Na usiseme wazee hawataki simu. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na kwetu 2008, wazee wakaingia, maana ilikubali kitochi bila intaneti, na kwa wakala palikuwa na mtu unayemjua na daftari unasaini. Huko Japani kuna mama anaitwa Masako Wakamiya, aliona gemu za simu zinataka vidole vya haraka na wazee wenzake wanashindwa, basi akajifunza kuandika programu, kijana mmoja akimfundisha kwa intaneti, na 2017 akatoa gemu yake ya Hinadan ya kupanga wanasesere taratibu, wakati huo akiwa na miaka 81.

Nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, sio mkutanoni, na usiende na simu. Mwambie akufundishe daftari ukurasa kwa ukurasa, na ugomvi uliowahi kutokea, huo hasa, maana programu yako itabebwa na huo. Ukisharekebisha omba msimu mmoja daftari na programu viende pamoja kwenye mzani uleule, karani awe yeye wa kukuambia wapi vimepishana. Na jina lake liwepo kwenye kazi.

Halafu ongeza ukubwa wa maandishi mwanangu, ile dakika nzima mzee anabonyeza labda alikuwa anatafuta pa kusoma.