Kabla ya Kutia Simsim kwenye Brauni, Jua Inachukua Nafasi ya Nini

Msomaji mmoja wa Lira, huku kaskazini mwa Uganda, ameniandikia akiuliza kwa nini brauni zake za viazi vitamu, zile keki bapa za chokoleti, hutoka nzito na mbichi katikati, mfano wa ugali uliolala, ilhali zangu, alizozionja kwenye harusi moja hapa Arua, zilikuwa na ganda jembamba linalong'aa juu na ulaini ndani. Anataka nimpe siri. Harusi hiyo ndiyo iliyoniletea simu nyingi mwezi huu, maana trei za brauni ziliisha kabla keki ya maharusi haijakatwa, na sitajifanya kwamba jambo hilo halikunifurahisha. Lakini siri haipo. Kuna hesabu ndogo ya maji na mafuta, na yeyote anayetaka kuoka nyumbani kitu ambacho maduka ya keki hayana, kisha akiuze kwa bei inayomlipa, lazima aijue hesabu hiyo kabla hajaanza kutafuta viungo vya ajabu.

Anza na brauni ya kawaida mpaka uweze kuioka bila kufikiri. Kwa trei ya mraba yenye upande wa sentimita 20, mimi hutumia siagi gramu 125, sukari gramu 220, kakao gramu 60, unga wa ngano gramu 70, mayai mawili, chumvi kidogo na vanila. Siweki hamira wala poda yoyote ya kuumulia. Siagi huyeyushwa pamoja na kakao, mayai hupigwa na sukari mpaka ukisugua tone kati ya vidole usihisi chenga, kwa sababu sukari iliyoyeyuka vizuri ndani ya mayai ndiyo inayofanya lile ganda la kung'aa, halafu unga huingia mwisho na kukorogwa kidogo tu. Oveni iwe na joto la nyuzi 175, na baada ya dakika 25 hivi kijiti kikichomwa katikati kitoke na makombo yenye unyevu, kisitoke kikavu. Haya yote yako kila mahali na sitayarudia.

Sasa tazama kinachotokea mtu anaposoma kwamba parachichi ni badala nzuri ya siagi, akatoa gramu 125 za siagi na kutia gramu 125 za parachichi. Siagi ina mafuta kiasi cha asilimia 80 na maji asilimia 16 hivi. Parachichi lina maji zaidi ya asilimia 70, na mafuta yake ni kama asilimia 15. Kwa hiyo mwokaji huyo ameondoa mafuta gramu 100 na kurudisha chini ya 20, halafu amemimina maji karibu gramu 90 katika donge lililotengenezwa kwa maji machache sana. Hapo hata oveni ya hoteli haiwezi kumsaidia. Ndiyo maana nasema kila kiungo kipya kiingie kwa kazi maalumu, ama ya mafuta, ama ya unga, ama ya sukari, ama ya ladha tu, na kabla hakijaingia uliza kinakuja na maji kiasi gani.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinafaa kuliko parachichi, na nimevipenda tangu mwanzo kwa sababu ni chakula chetu chenye heshima. Robert Mwanga, mtafiti wa Uganda, alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya kuviendeleza na kuvieneza viazi hivi, ambavyo vina kwa wingi kile mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kosa la wengi, na nadhani la msomaji wangu wa Lira pia, ni kuvichemsha. Kiazi kilichochemshwa kinakunywa maji ya sufuria juu ya maji yake. Kichome na ganda lake kwenye majivu ya moto au ndani ya oveni mpaka utomvu wake utoke na kugeuka mweusi ubavuni, kimenye, kiponde, kisha ukirudishe kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo na ukigeuze kwa mwiko mpaka kiache kushika pembeni na kujikusanya. Utashangaa jinsi kinavyopungua. Rojo hilo zito likichukua nafasi ya theluthi moja ya siagi, na sukari ikipunguzwa gramu 30 kwa sababu kiazi kina utamu wake, brauni itasimama. Ukivuka theluthi unaoka mkate wa viazi wenye kakao, na ni halali, lakini usiuuze kwa jina lingine.

Nifike kwenye simsim, yaani ufuta, ambayo ndiyo iliyonipa jina. Huku kaskazini simsim haihitaji utangulizi. Rojo la karanga na simsim, odii, lipo karibu katika kila nyumba, na mbegu zenyewe ni mafuta kwa kiasi cha nusu ya uzito wake, jambo linalomaanisha kwamba rojo hilo linaingia kwenye brauni kama rafiki wa siagi: toa siagi gramu 40, tia rojo gramu 80, na mafuta yanabaki karibu yale yale bila tone la maji la ziada. Kazi yote iko kwenye usafi. Simsim ya sokoni ina mchanga, hata ile ambayo muuzaji anaapa kuwa ameipepeta, na mchanga mmoja ukigonga jino la mgeni wa harusi, hakuna chokoleti itakayomsahaulisha. Mimi huiosha kwenye beseni lenye maji mengi, nikiikoroga kwa mkono ili mchanga uzame, kisha naikomba simsim iliyo juu kwa chujio, nabadilisha maji na kurudia mpaka chini ya beseni pasisikike mkwaruzo ninapopitisha kucha. Huanikwa, hukaangwa bila mafuta mpaka ianze kuruka na kunukia, na hapo hapo huepuliwa, kwa sababu ikiungua kidogo uchungu wake huongezeka juu ya uchungu wa kakao.

Brauni hizo nilizipeleka Kampala, kwenye mkahawa mmoja nisioutaja, nikiwa nimezifunga vizuri na kusafiri nazo usiku kucha. Msimamizi wa jikoni alikata kipande, akatafuna taratibu, akaniambia kwamba watu wa mjini hawali simsim ndani ya chokoleti, na kwamba hicho ni chakula cha kijijini. Akaniuliza hata hivyo kiasi cha rojo, na mimi, kwa adabu tuliyofundishwa ya kutomnyima mtu neno, nikamweleza. Baadaye rafiki yangu alinitumia picha ya kabati lao la vioo, na humo mlikuwa na brauni za simsim zenye bei mara tatu ya niliyoomba. Wapo watakaosema ni bahati mbaya tu, vitu hufanana. Mimi nasema aliyeita chakula cha watu cha kijijini asikipandishe bei mwezi unaofuata. Na kama hoja yake ilikuwa kwamba brauni haipaswi kuwa na vitu vya kienyeji, basi hajui anachokioka, maana hoteli ya Palmer House ya Chicago, inayodai kuwa brauni ilianzia jikoni mwake mwaka 1893, huipika kwa kokwa za jozi na kuipaka mng'ao wa tunda la aprikoti. Wao walitia vya kwao. Sisi tuna kakao ya Bundibugyo, inayoondoka nchini kwa sehemu kubwa ikiwa mbegu kavu, tuna vanila ya Mukono na kahawa ya miteremko ya Mlima Elgon, na bado tunasubiri pakiti yenye picha ya theluji ituambie chokoleti ni nini.

Mafuta ya shea nayo yanafaa, ila yapime upya. Hayana maji kama siagi; ni mafuta matupu, hivyo gramu 100 zinatosha mahali pa 125, na ukiongeza kijiko cha maziwa utakuwa umeirudisha ile sehemu ya maji iliyopotea. Ya kwetu huwa laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, na harufu yake ni nzito, kwa hiyo nunua yaliyotengenezwa karibuni na uyanuse kabla ya kulipa. Unga wa wimbi huingia badala ya ngano wote bila tabu kubwa, kwa sababu brauni haitegemei mvutano wa ngano kama mkate. Uchekeche mara mbili, kisha uache donge litulie nusu saa kabla ya kuoka ili chembe zilainike. Usipoliacha litulie, mlaji atahisi vumbi mdomoni.

Kijana mmoja aliniuliza kuhusu kumbikumbi. Nimeonja waliokaushwa na kusagwa ndani ya brauni, na ladha yao haiko mbali na karanga. Lakini asiyepatana na kamba au kaa anaweza kudhurika na wadudu pia, kwa hiyo usimlishe mtu bila kumwambia, hata kama unataka kumshangaza.

Ninyi mnaotaka kuuza, acheni kutafuta viungo vya kushangaza watu na mnunue mizani ya jikoni. Kikombe cha jirani yako si kikombe chako, na rojo la leo si zito kama la jana. Pimeni maji, pimeni mafuta, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mkikosa oveni tumieni sufuria nzito yenye mchanga chini juu ya sigiri, makaa mengine yakiwa juu ya kifuniko, mradi mchanga upate moto kwanza na trei isiguse pembeni. Kwa dada yangu wa Lira: choma viazi, vikaushe, usivuke theluthi, na usikate brauni zikiwa za moto hata wageni wakikushika mkono. Zikate zikiwa baridi kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila baada ya mkato. Za simsim hukaa siku tatu kwenye chombo kilichofungwa. Za viazi ziuze kesho yake, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yake hualika ukungu upesi, hasa msimu huu wa mvua.