Ndia au njia: mgeni wa Lamu afundishwe lipi kwanza?

SWALI: Maalim, nafundisha wageni Kiswahili hapa Langoni, Lamu. Wengi hukaa kati ya wiki tatu na miezi sita. Darasani nawapa njia, macho, moja na maji. Wakitoka nje wanasikia ndia, mato, moya na mai, na wanarudi wamevurugika. Je, niwape maumbo yote mawili kwa pamoja tangu siku ya kwanza? Na mwanafunzi akiandika "mato", nimkosoe? Mwenzangu anasema Kiamu, yaani lahaja yetu ya Lamu, kitawaharibia Kiswahili.

JIBU: Nianze na la mwenzako, maana ni fupi. Kiamu hakiwezi kuharibu Kiswahili kwa kuwa ni Kiswahili. Lugha ya vitabuni ilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikasimamia usanifishaji wake. Lahaja moja ilichaguliwa kati ya nyingi ili shule zipate kitabu kimoja. Sanifu ni ile iliyokubaliwa kwa kazi rasmi, na kukubaliwa huko hakuifanyi kuwa safi kuliko Kiamu, Kimvita au Kipate.

Sasa lako. Usifundishe maumbo mawili siku moja. Mpe mwanafunzi umbo moja la kusema na jingine aliweke kwa ajili ya kusikia. Msamiati wa mtu yeyote una pande mbili: maneno anayoyaelewa yakisemwa na maneno anayoweza kuyatoa mwenyewe, na upande wa kuelewa ndio mpana. Sisi wenyewe tunafahamu maneno ya tenzi ambayo hatuyatamki tukinunua samaki. Mgeni naye anaweza kusema "njia" huku akielewa "ndia" bila taabu, mradi ulimi wake usilazimishwe kuchagua kila mara.

Lipi liwe la kusema? Wa wiki tatu mpe sanifu, maana ndilo atakalolikuta kwenye kamusi, kwenye simu na akifika Nairobi. Aliyekuja kukaa na jamaa za Lamu miezi sita, hasa kama anafanya utafiti, mwanzishie Kiamu na sanifu aifuate kwa kusoma. Kosa ni kumpa mtu nusu ya huku na nusu ya kule.

Umbo la pili lisifundishwe neno kwa neno, lifundishwe kama kanuni, na kanuni ingoje mpaka mwanafunzi awe na maneno mia moja hivi ya kuijaribia. Zilizo kubwa ni nne. Penye ch ya sanifu, Kiamu mara nyingi kina t: macho/mato, chini/tini, kichwa/kitwa, mchele/mtele, cheka/teka. Penye j kina y: moja/moya, kuja/kuya, jana/yana, na j hiyo ikifuatwa na i hupotea kabisa: maji/mai, jina/ina, jino/ino. Penye nj kina nd: njia/ndia, njaa/ndaa, njoo/ndoo. Na vi- au vy- huwa zi- au z-: vitu/zitu, vyombo/zombo.

Hapa ndipo walimu wengi huteleza, kwa sababu hutoa kanuni bila mipaka yake. Ch na j za maneno ya kukopa hazibadiliki. Chai hubaki chai, chapati hubaki chapati, na maneno yaliyotoka Kiarabu hubaki na j yake: jamii, hoja, haja. Mwanafunzi anayeigeuza kila j kuwa y atasema ana "haya" ya kuonana nawe, na wewe utamshangaa anaona haya ya nini. Pia ch inayotokana na ki- ya ngeli haigeuki kuwa t: umoja na wingi wa Kiamu ni chombo/zombo, chuo/zuo, chanda/zanda. Mfundishe aulize kwanza: ch hii ni ya mzizi au ni ki- iliyokutana na irabu? Akiweza kujibu hilo, amevuka sehemu ngumu.

Tahadhari nyingine ni maneno yanayogongana. Mgeni akiitwa "Ndoo!" hutazama huku na huku akitafuta ndoo ya maji. Akiambiwa mtoto "anateka" hudhani amekwenda kisimani. Migongano hii ni michache. Mkusanyie, lakini mpe baada ya kanuni. Na kama darasani una Waitaliano, kama walivyo wengi huko Malindi, kumbuka kwamba "mai" kwao ni "kamwe" na "sana" ni "mwenye afya", likisemwa kwa mwanamke. Anayejua lugha zaidi ya moja hazimi moja anapotumia nyingine. Utafiti wa maneno yanayofanana sura katika lugha mbili umeonyesha mara kwa mara kwamba lugha zote huamka pamoja, na neno lenye sura moja na maana mbili huweza kumchelewesha msomaji. Ndiyo maana Mwitaliano hukwama kwenye "asante sana" pasipo mantiki yoyote unayoiona wewe. Mwarabu naye hufaidika na kitabu, habari na safari, kisha akanaswa na "hasira", ambayo kwao inakaribia majuto na huzuni.

Kuvurugika unakokueleza huenda kusitokane na Kiamu peke yake. Angalia mpangilio wa masomo yako. Vitabu vingi vina sura ya rangi, sura ya matunda na sura ya viungo vya mwili, na mwalimu humwaga maneno kumi na mawili ya aina moja kwa siku moja. Mwaka 1993 Thomas Tinkham alilinganisha maneno ya kubuni yaliyopewa maana za kundi moja (shati, koti, sweta) na yaliyopewa maana zisizohusiana (mvua, gari, chura). Yale ya kundi moja yalihitaji majaribio zaidi mpaka kushikwa, na Robert Waring alipolirudia jaribio hilo mwaka 1997 akapata vivyo hivyo. Maana jirani hugombania nafasi. Kwa hiyo usifundishe majina ya samaki kama changu, tafi, nguru na taa kwa mkupuo. Fundisha samaki, mizani, kilo, bei na punguza, yaani maneno yanayokutana katika tukio moja. Kulia na kushoto, leta na peleka, yatenge kwa siku kadhaa: moja likomae ndipo mwenziwe aje.

Kuhusu kukariri, kuna jambo ambalo watu wa Lamu wangelifurahia. Wanasaikolojia wa Marekani wametumia maneno ya Kiswahili kupima kumbukumbu kwa miaka mingi, kwa kuwa wanafunzi wao wanaweza kuyasoma lakini hawayajui. Mwaka 1994 Thomas Nelson na John Dunlosky walichapisha orodha ya jozi 100 za Kiswahili na Kiingereza kwa kazi hiyo. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi jozi 40, "mashua" ikiwemo. Waliozidi kuulizwa kila neno, hata baada ya kulipatia, walikumbuka asilimia 80 hivi baada ya wiki moja. Walioacha kuulizwa neno wakishalipatia mara moja, wakaendelea kulisoma tu, walikumbuka asilimia 36 hivi. Makundi yote yalitarajia kukumbuka karibu nusu, yaani mwanafunzi mwenyewe hatambui ni njia gani inayomfaa. Basi punguza kusomesha orodha kwa sauti na uzidishe kuuliza, ukianza na neno alilolipatia jana.

Maneno manane hadi kumi mapya kwa kipindi yanatosha. Yaulize mwisho wa kipindi, kesho yake, baada ya siku nne, baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili au tatu. Akilikosa neno, lirudishwe hatua ya kwanza hilo tu, si kundi zima. Uliza pande zote mbili: leo umpe Kiswahili atoe maana, kesho umpe maana atoe Kiswahili. Anayepimwa upande mmoja tu huelewa kila kitu na hasemi kitu.

Kadi yake isiwe na neno tupu. Asiandike "mashua" peke yake. Aandike "mashua yangu imefika" upande mmoja wa mstari, "mashua zangu zimefika" upande wa pili. Hivyo ngeli inaingia pamoja na neno, na hutahitaji kuirudia kama somo la adhabu. Na awekewe picha, kwa sababu hapa Lamu mashua si jahazi, wala si dau, wala si mtumbwi, na ukimfundisha kwamba vyote hivyo ni chombo kimoja, manahodha watamcheka.

Limebaki la kukosoa. "Mato" usilikosoe katika zoezi la Kiamu wala katika mazungumzo. Katika insha ya sanifu lizungushie duara tu na uandike "macho" pembeni, bila kumkata alama wiki za mwanzo. Wekundu wa kalamu uuhifadhi kwa upatanisho uliochanganywa. "Zitabu zimeanguka" ni Kiamu sahihi. "Vitabu vimeanguka" ni sanifu sahihi. Lakini "vitabu zimeanguka" inaonyesha kwamba nomino ameichukua darasani na kiambishi amekiokota barabarani, na asiporekebishwa mapema atakizoea, kwa sababu zi- anaisikia pia katika nyumba zimejengwa na ngoma zimelia, hivyo sikio halimwonyi. Mpe sentensi kumi za aina hiyo kila wiki, tano za Kiamu na tano za sanifu, na umtake aseme kila moja ni ya wapi kabla hajaitia katika wingi.