Nimefunga Ramadhani na rumeti wangu, sasa sijui kama bado ni Mkristo

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 21, nipo chuo hapa Dodoma mwaka wa pili. Kwetu Moshi, nimezaliwa KKKT, kanisa la Kilutheri, nikakulia humo humo, mama ni mzee wa kanisa na mimi kwaya nimeimba tangu mdogo. Sasa rumeti wangu ni Muislamu wa Lindi. Ramadhani iliyopita nilikuwa naamka nae daku, mwanzoni kumsindikiza tu, baadae nikaanza kufunga na mimi, nikaanza kumuuliza maswali, nikasoma tafsiri ya Kurani, usiku naangalia YouTube wale wahubiri wanaobishana Biblia na Kurani mpaka saa nane. Afu likizo babu akanisimulia habari za Ruwa, Mungu wa Wachaga, na isale, ule mmea wetu wa kuombea msamaha, wazee walivyokuwa wanaomba kabla wamisionari hawajaja, ndo nikavurugika kabisa, maana kama walishamjua Mungu sisi tuliletewa nini? Nilipomwambia kiongozi wetu wa feloshipu akasema nina roho ya mashaka, wakaniombea mbele za watu wote, nikaona aibu sijarudi tena. Mama hajui. Shangazi, nimeshaacha imani bila kujua? Na mama nimwambieje?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza pole kwa hilo la kuombewa mbele za watu. Swali lako lilihitaji mtu wa kukaa nae chini na chai, mkaongea jioni nzima, sio maiki.

Hujaacha imani. Aliyeacha haamki saa kumi alfajiri kumtafuta Mungu.

Ngoja nikwambie yangu. Nimekulia Tanga, nyumba ya jirani kulikuwa na mwalimu wa madrasa, mzee mpole sana, na mimi nikiwa na miaka 19 nikajitia ujasiri nikamfuata nikamuuliza nyie mnasemaje kuhusu Yesu. Hakubishana. Akanisomea sura ya 19, inaitwa Maryam, kwa Kiarabu kwanza kisha akanieleza taratibu kwa Kiswahili, kwamba wao wanaamini Isa kazaliwa na bikira, ni nabii mkubwa, ila sio Mwana wa Mungu na wala hakusulubiwa. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, haya na nyie huo Utatu mnauelewaje? Mwanangu nilikaa kimya. Kipaimara nimepata, nyimbo nazijua zote, na sina sentensi moja. Nilirudi nyumbani nalia, sio kwa sababu nimeshindwa, nililia kwa sababu niligundua imani yangu nilikuwa naijua kama navyojua njia ya kwenda shule, miguu inaenda yenyewe.

Naona na wewe uko hapo hapo. Uislamu unaujua kwa rumeti wako, kwa daku, kwa njaa ya saa tisa mchana, umeuonja. Ukristo wako je, lini uliusoma kwa hamu ile ile, sio kwa ajili ya mtihani wa kipaimara? Na nyie Walutheri ndo mngetakiwa kuwa wa kwanza, maana ile Katekisimo Ndogo Luther aliyoiandika mwaka 1529 imejaa maswali, kila amri unaulizwa maana yake nini. Mtoto amefundishwa kwa maswali, akikua akiuliza la kwake anaambiwa ana roho ya mashaka! Hilo linaniuma kweli. Watu wa Beroya kwenye Matendo 17 wamesifiwa kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku waone kama Paulo anasema kweli.

Hizo video za mijadala punguza. Sisi mihadhara tumeiona viwanjani tangu miaka ya 80, meza katikati, vitabu viwili, mtu anasomewa nusu aya na umati unashangilia. Pale kila mtu amekuja kushinda, hakuna anayemuuliza mwenzake ukisali unajisikiaje, ukifiwa unashika wapi. Hayo muulize rumeti wako, ndo dini yenyewe.

La babu limenigusa zaidi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893, na Kichaga cha kanisani kikabaki na Ruwa yule yule, jina la Mungu walilikuta. Paulo pale Athene alikuta madhabahu imeandikwa kwa Mungu asiyejulikana, akaanzia hapo hapo. Kwa hiyo tuliletewa habari za Yesu, ndo kitu kipya, na swali lako la kweli ni hilo, Yesu ni nani kwako. Na huku pwani vilevile, imani, sala, malaika, dhambi, Injili, hata msalaba, asili yake Kiarabu, ni maneno tunayosali nayo kila Jumapili. Tumekaa pamoja siku nyingi sana.

Ila usiniambie dini zote ni sawa tu. Mmoja anasema Yesu alikufa msalabani, mwingine anasema hapana, hapo kuna kuchagua, na kumheshimu rumeti wako ni pamoja na kukubali kwamba hamkubaliani. Chukua muda. Tafuta mchungaji asiyeogopa maswali, wapo, mimi wa pili ndo alinisikiliza, wa kwanza aliniambia niache kuuliza uliza.

Sasa mama. Agostino, yule wa Afrika ya Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, alikaa kwa Wamani, wafuasi wa dini ya mtu aliyeitwa Mani, karibu miaka tisa, mama yake Monika analia kila siku. Akamwendea askofu mmoja amsihi akaongee na kijana, askofu akakataa, akasema mwache, endelea kumwombea, atagundua mwenyewe kwa kusoma. Akabatizwa 387. Mama yako naye anaweza kubeba hili kuliko unavyodhani. Usimwandikie meseji, subiri likizo, mkiwa jikoni wawili. Usianze na lako, anza kumuuliza yeye, mama hivi wewe uliamini lini, na umewahi kusita? Msikilize mpaka mwisho, usimkatishe, ndo umweleze habari za daku. Akilia, usikimbilie chumbani. Kaa nae.