Kijana, usiidharau .30-06: nilivyochagua bunduki yangu ya kuwindia

Mbukwenyi ndugu zangu. Wiki hii kijana mmoja wa Manyoni kaniandikia inbox, hela ya bunduki keshaikusanya kwenye alizeti, kibali cha kumiliki kiko hatua za mwisho, anauliza "kaka nichukue .300 Magnum au nipande kabisa .375? Maana .30-06 wenzangu wanasema ni ya wazee." Kwa asiyezijua, hizo namba ni kaliba, yaani aina ya risasi ambayo bunduki inapiga. Hilo neno la mwisho ndo limenikalisha chini niandike, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyohivyo, mbele za watu, na mtu ninayemheshimu, na nikisema halijaniuma nitakuwa nadanganya. Linauma mpaka leo.

Ilikuwa hapa Dodoma mjini, tumekaa wawindaji kama tunavyokaaga kabla msimu haujafunguliwa Julai. Mimi ndo kwanza nimeipata Brno yangu, ZKK 600, ile ya Czechoslovakia ya zamani, kitako cha mbao kimeshikwa na mikono mpaka kimekuwa cheusi pale karibu na triga, lakini ndani ya mtutu ile mistari inayoizungusha risasi imesimama vizuri kabisa. Naitaja kaliba tu, .30-06, bwana mkubwa mmoja akacheka akasema "mdogo wangu, hiyo ni ya kumpa mlinzi wa godauni." Watu wakacheka. Yeye alikuwa na .300 WSM, zile magnum (risasi zenye nguvu zaidi) fupi za miaka ya 2000 mwanzoni, mpya, darubini kubwa, kila kitu kinang'aa. Sikumjibu. Nimelelewa mkubwa hajibiwi hovyo. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Habari za fomu, mara mtendaji, mara kamati ya usalama, mara polisi, mara leseni ya mnyama, sizisimulii hapa, kila aliyepita anazijua na kila asiyepita atazipitia tu, fuata utaratibu basi.

Msimu uliopita nilitoka upande wa Manyoni, eneo la wazi, yaani lile la kuwindia nje ya hifadhi, na askari wa wanyamapori tuko naye kama inavyotakiwa. Wanaojua kule wanajua vile vichaka vya Itigi vilivyo, unaweza kusimama na mnyama mita thelathini humuoni, ukitoka kwenye kichaka ndo unakutana na mbuga ndogo ya majani na miombo kwa mbali. Tukatoka pembeni ya mbuga, askari akanishika bega. Juu ya kichuguu kasimama dume la kongoni, yale mazoea yao ya kupanda juu kulinda wenzake, uso mrefu umetugeukia, masikio yamesimama. Upepo unatoka kwake unakuja kwetu. Nikaziweka fimbo zangu tatu nilizozifunga kwa juu, nikaegesha bunduki, umbali kama mita mia na ishirini hivi, nikasubiri ageuke ubavu. Akashuka kichuguu taratibu, akasimama ubavu, nikaivuta triga alama ikiwa nyuma tu ya bega, chini kidogo ya katikati. Risasi ya greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ncha laini. Akakimbia, vumbi, kisha miguu ya mbele ikakunja. Hatukufuatilia damu hata dakika tano. Wakati wa kuchuna tukaikuta risasi chini ya ngozi ya upande wa pili, imefunguka karibu mara mbili ya unene wake na kitako chake bado kizima. Dume la kongoni ni kilo mia na hamsini na zaidi, na kongoni anajulikana kwa ugumu, ukimpiga vibaya utamtafuta mpaka giza. Nilifurahi jamani, sijui niseme nini, nilifurahi mno.

Na yule bwana wa .300 WSM? Msimu uleule hakutoka kabisa. Risasi za kaliba yake alizunguka kuzitafuta akakosa, akaambiwa asubiri ziagizwe. Sijamcheka na siandiki hapa kumcheka, naandika ili wewe mdogo wangu usije kununua bunduki ya kuning'iniza ukutani.

Hicho ndo kitu cha kwanza kabisa. Kabla hujauliza bunduki bei gani, uliza risasi zake zinapatikana wapi, na mwakani zitapatikana? .30-06 jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1906, ndo hiyo 06 ya mwisho, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 alikuwa nayo, bunduki ya Springfield. Zaidi ya miaka mia watu wanaitengeneza. Risasi yake ina kipenyo cha inchi 0.308, na zinapatikana nyepesi za greni 110 mpaka nzito za greni 220. Kwa swala pala na ngiri greni 150 au 165 inatosha, kwa kongoni na walio wakubwa kidogo weka 180 na usihangaike tena. Mimi natumia 180 kwa wote ili nisiwe nabadilisha darubini kila siku. Bunduki moja, risasi ya aina moja, unaizoea mpaka mkono unajua wenyewe.

.308 Winchester ya mwaka 1952 nayo nzuri, ganda lake milimita 51 wakati la .30-06 ni 63, spidi inapungua kidogo tu, ukiipata safi kwa bei nzuri chukua. 7x57 ya Mauser ni ya zamani zaidi, ya 1892, inapiga teke dogo na inaua vizuri, shida inarudi palepale, risasi.

Kuhusu .375 H&H (Holland & Holland) sikiliza vizuri. Hiyo ni ya mwaka 1912, risasi ya greni 300, na kwa nyati hapa kwetu huna mjadala, sheria inataka usishuke chini ya .375 kwa wanyama hatari na sheria ina sababu. Kama leseni yako ni ya nyati, nunua .375, acha maneno. Lakini kama unawinda swala pala, ngiri na kongoni kama mimi, teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06, na bega likishaogopa jicho linafumba kabla ya mlio. Nimeona watu wazima wanavuta triga huku uso umegeuka pembeni. Halafu mnyama anaondoka na tumbo lililotoboka anaenda kufia kwenye kichaka, fisi ndo wanafaidi. Hii inaniumiza kuliko ile kuchekwa.

Vijana wenzangu tuna ugonjwa wa sifa. Tunataka kubwa, mpya, ya mwenzangu hana. Mnyama wa Mungu hajui bunduki yako ni shilingi ngapi, anajua tu umempiga pa kufia au umemtesa. Kwa hiyo ile hela ya ziada ya magnum inunulie risasi, nenda uwanja wa shabaha, piga ukiwa umesimama na fimbo, piga umekaa, acha kupigia mezani tu maana porini hakuna meza. Darubini iseti risasi ifike sentimita 5 juu ya alama kwenye mita 100, ukifika kama mita 180 iko palepale kwenye alama. Ikifika 270 imeshuka sentimita 20 hivi, na mimi huko sipigi, nasogea.

Umeniuliza pia kuhusu ile ya mtumba uliyoonyeshwa Singida. Nenda na tochi ndogo. Toa bolti (kile chuma cha nyuma unachokivuta kuingiza risasi), tazama ndani ya mtutu kwa nyuma, mistari iwe na kingo kali na kusiwe na vidimbwi vya kutu, halafu angalia mdomo wa mtutu pale mbele kabisa kama una jeraha, maana hapo pakigongwa risasi zinatawanyika hata ufanyeje. Rudisha bolti, iendeshe mbele na nyuma ukiwa na risasi bandia za mazoezi, isikwame. Iweke begani umefumba macho kisha fumbua, kama jicho halijakaa katikati ya darubini kitako hakikufai au darubini imekaa vibaya. Namba iliyochongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kitabu cha bunduki, ikitofautiana hata tarakimu moja ondoka hapo usigeuke nyuma.

Ukishaipata nitumie picha ya karatasi ya shabaha yenye matundu, ya bunduki yenyewe sihitaji.