Jibu kwa vijana wanaojiandaa kwenda misheni Turkana: siku ya kule inavyokwenda

Dada yangu, Bwana Yesu asifiwe. Umeeleza kwamba vijana wa kanisa lenu hapo Igoma wanajiandaa kwenda Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mwezi wa nane, na kwamba ratiba iliyopelekwa kwa wazee wa kanisa ina mikutano ya hadhara kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni. Umeuliza maisha ya kila siku kule yakoje. Nimekwenda huko na timu za uinjilisti kutoka hapa Mwanza, tukikaa katika vijiji vya nje ya mji wa Lodwar, kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu. Nianze na lililo zito zaidi: ratiba hiyo haitatekelezeka, kwa sababu kule siku hupangwa na maji pamoja na jua, na timu isiyolijua hilo hufunga vipaza sauti mahali ambapo saa hiyo hapana mtu.

Sisi wa ukanda wa Ziwa maji tunayaona tukisimama juu ya jiwe lolote, na bomba likikauka mtaani mtu hubeba ndoo akashuka mwaloni. Mwanza hupata mvua ya takribani milimita 1,000 kwa mwaka. Lodwar mara nyingi haifikishi milimita 250, na joto la mchana hupita nyuzi 35 karibu mwaka mzima. Mto Turkwel unapita pale mjini, lakini vijiji vilivyo mbali na mto huo hutegemea visima vya misaada, ambavyo pampu zake huharibika na vingine hutoa maji ya chumvi, au hutegemea laga. Laga ni mto wa msimu ambao hupitisha maji kwa saa chache mvua inaponyesha, kisha hubaki mchanga mtupu kwa miezi mingi.

Maji yamo chini ya mchanga huo, na kuyatoa ni kazi ya akina mama na mabinti. Asubuhi moja niliketi ukingoni nikiwatazama. Mama mmoja alikuwa ndani ya shimo lililompita kimo, akikwangua mchanga uliolowa kwa bakuli la bati na kumpa binti aliyekuwa amesimama kwenye kidato kilichochongwa ubavuni mwa shimo, naye binti akampa mwingine aliyekuwa juu. Mchanga ulipokwisha kutolewa, maji yalianza kuchuruzika taratibu, yakajikusanya kiasi cha bakuli mbili, yakachotwa, kisha wote wakasubiri tena. Mdomo wa shimo ulikuwa umezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiporomoshe ukingo, na mbuzi wenyewe walinyweshwa baada ya watu kujaza vyombo vyao. Dumu la lita 20 lilipojaa, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na bado palikuwa na safari ya kulibeba kichwani hadi nyumbani.

Nakuomba uisome aya hiyo mbele ya timu yako kabla hamjapanga lolote. Kundi la vijana wakioga ndoo moja moja kama tunavyooga hapa wanamaliza kazi ya asubuhi nzima ya akina mama wale, halafu jioni wanasimama kuwahubiria akina mama hao hao habari za upendo. Swali la kwanza la kumwuliza mwinjilisti mwenyeji liwe hili: maji yetu yatatoka wapi, na yatamnyima nani? Sisi tulikuwa tunanunua maji Lodwar na kuyapeleka kijijini kwa gari katika mapipa, tukaoga kwa kopo jioni tu, na maji ya kunywa hatukuyabana, kwa sababu katika joto lile mtu mzima huhitaji lita nne au tano kwa siku na kizunguzungu humpata haraka. Bebeni pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kuchanganya na maji ya kunywa, za kutosha.

Sasa kuhusu saa. Vijana wa kiume huondoka na mbuzi au ngamia mapema, na akina mama huenda majini kabla jua halijapanda, kwa hiyo saa tatu asubuhi, mliyoiweka kwa mkutano wa kwanza, kijiji kina wazee na watoto wadogo tu. Sala ya pamoja na wenyeji ilifanyika saa kumi na mbili asubuhi, ilikuwa fupi, na ndiyo iliyokuwa na watu. Baada yake tulifuatana na mwinjilisti kutembelea kaya moja moja, au wachache wetu wakaenda kusaidia kubeba maji na kuni. Kuanzia saa tano hadi karibu saa kumi hapafanyiki kazi yoyote ya jua. Kila kiumbe kiko kivulini. Vijana wengi hudhani muda huo unapotea bure, na hapo napingana nao kwa nguvu zangu zote, kwa maana mazungumzo ya kweli niliyofanya kule karibu yote yalifanyika chini ya mti saa hizo, mtu akieleza mifugo iliyokufa, mgonjwa aliye nyumbani, au jambo la Mungu linalomtatiza. Mkutano wenu wa hadhara uwekeni saa kumi na moja jioni, uendelee hadi gizani, na ikiwa kuna mbalamwezi mtaona watu wanazidi kuongezeka badala ya kupungua.

Wazee wa kiume huwa na mti wao. Hukaa juu ya vigoda vidogo vya mti ambavyo mzee hutembea navyo mkononi na usiku huviweka chini ya kichwa kama mto. Kabla ya jambo lolote, viongozi wa timu waende pale wakaamkie, waeleze walikotoka na waliyemfuata, kisha wakae chini na kusikiliza. Mkutano uliofanyika bila wazee kuarifiwa hubaki wa wageni peke yao. Jiandaeni pia kwa ombi la tumbaku, kwa sababu kule hutafunwa sana na kumwendea mzee bila kumpa kitu si adabu. Makanisa yetu mengi hayatakubali mpeleke tumbaku, na mwinjilisti wetu alitushauri tupeleke majani ya chai na sukari, tukakabidhi pale pale mtini mbele ya wote. Yalipokewa vizuri.

Ibada ya Jumapili huchukua muda mrefu, chini ya mgunga au katika jengo la mabati, na nyimbo zao huimbwa kwa makofi na kurukaruka. Kiswahili kinaeleweka mjini na kwa waliosoma, lakini kijijini mtahitaji mkalimani, kwa hiyo anayehubiri aseme sentensi fupi na asiharakishe. Kwaya yenu iimbe nyimbo mbili, kisha muombe kufundishwa wimbo wao. Hilo liliwafurahisha wenyeji kuliko vifaa vyote vya muziki tulivyobeba.

Chakula ni ugali, mahindi na maharage, mara chache mbuzi, na karibu na Ziwa Turkana kuna samaki wakavu. Usiku wengi hulala nje kwa sababu ndani hakulaliki kwa joto; bebeni vyandarua, maana malaria ipo, na kila asubuhi kung'uteni viatu kwa ajili ya nge. Miiba ya mathenge, mti wa miiba uliosambaa kule, hupenya kandambili, hivyo vaeni viatu vya ngozi nene. Msipige kambi ndani ya laga hata mchanga wake ukionekana laini na mzuri, kwa sababu mafuriko huja kutokana na mvua iliyonyesha mbali ambayo hamkuiona.

Kuna jambo la misaada ambalo linanigusa sana. Enzi za ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa na mtu wa nje aliingia kwa kibali; mwaka 1961, wakati wa njaa, walifika wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Mtakatifu Patrisi kutoka Ireland, na mwaka 1978 likaundwa Jimbo Katoliki la Lodwar. Kwa hiyo tangu mwanzo watu wameliona kanisa likija pamoja na chakula, dawa na visima, nalo limeokoa maisha ya wengi. Kisha misimu mitano ya mvua ilishindikana mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022, familia nyingi zikapoteza mifugo, na baadhi mtazikuta zikiishi kwa kuchoma mkaa au kusuka vikapu vya mkoma. Mkifika na magunia ya unga katika gari la kanisa, umati utakuja, na hamtaweza kujua nani amefuata neno na nani ana njaa, wala haifai kumlaumu mwenye njaa. Kabidhini chakula kwa kanisa mwenyeji na wazee siku isiyo ya mkutano, wao wanajua nyumba zenye wajane na wagonjwa, nanyi msipige picha za watu wanaopokea.

Safari yenyewe ni ndefu: Musoma, Sirari, Kisii, Kisumu, Kitale, kisha mteremko wa Marich kuelekea Kainuk, Lokichar na Lodwar. Kipande cha Kainuk kina historia ya uvamizi unaotokana na wizi wa mifugo, kwa hiyo kipiteni mchana, baada ya mwenyeji wenu kuuliza hali ya barabara siku hiyo hiyo. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Ushauri wangu ni kwamba ratiba ile irudishwe kwa wazee wa kanisa wiki hii, na mwinjilisti mwenyeji aombwe aiandike yeye upya, akianza na saa za kuteka maji. Akishakujibu, iweke hapa niipitie, na kama viongozi wako watataka kuongea nami ana kwa ana, niko Mwanza hadi mwezi wa saba.