Bomba za kujihudumia zinatoa povu tupu, na fundi anasema punguza gesi

Swali: Habari fundi. Nimefunga bomba nane za bia za kujihudumia, mteja anagusisha kadi, anajimiminia mwenyewe na mita inahesabu mililita. Shida ni povu, nusu glasi nzima, na mita inalihesabu kama bia kwa hiyo wateja wanagoma kulipa. Fundi aliyefunga aliniambia nishushe gesi, nikatoa psi 12 (psi ni kipimo cha presha) nikaweka 6, siku mbili ikatulia, sasa imekuwa mbaya zaidi na bia yenyewe imepooza. Anasema mita ni mbovu ninunue zingine zote. Chumba cha baridi kinasoma digrii 3, kutoka hapo mpaka kwenye bomba ni kama mita 9. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, mita usinunue, na hiyo gesi irudishe 12 leo hii.

Hili la povu likizidi punguza gesi nakutana nalo karibu kila ninapoitwa, na linaniudhi kwa sababu anayelisema ni mtu aliyelipwa kujua. Gesi hiyo, kaboni dioksaidi, iko ndani ya bia tangu kiwandani. Presha ya mtungi kazi yake ya kwanza ni kuizuia isitoke, kusukuma bia ni kazi ya pili. Bia ya laga ya kawaida ikiwa na ubaridi wa digrii 3 inataka psi 11 au 12 hivi ili gesi ikae mahali pake (ukiwa kwenye mwinuko unaongeza kama psi 1 kwa kila mita 600). Ukishusha mpaka 6 unaifungulia mlango, inaanza kujitoa kwenye bia humo humo ndani ya mpira unaoileta kwenye bomba, na povu ni hilo. Zile siku mbili za utulivu usizihesabu, bia ilikuwa inatoka polepole tu ndo maana ukaona nafuu, huku kegi, yaani pipa la bia, inapoteza gesi yake kidogo kidogo. Sasa imeishiwa na unauza bia iliyopooza juu ina povu. Kegi hizo zilizofunguliwa zitachukua siku kadhaa kurudi sawa hata ukipandisha presha, kwa hiyo mfumo wako upime na kegi mpya, iliyopoa vizuri.

Sasa kwa nini ilitoa povu hata kabla hujagusa gesi? Nakuambia kabisa angalia joto kwanza. Unasema chumba kinasoma 3, hiyo ni hewa ya chumba, bia ni habari nyingine. Kegi ya lita 50 ikishushwa kwenye gari imepata joto inahitaji siku nzima na zaidi mpaka katikati yake pafike hapo, na watu wanaiunganisha baada ya masaa matatu tu kwa sababu nje ukiigusa ni baridi. Bia ile ile ikiwa digrii 10 inataka kama psi 18 kuishika gesi yake, kwa hiyo kwa 12 yako inatoa povu tu, ni soda iliyokaa juani hiyo. Ila usije ukapandisha gesi kuifuata, poza bia.

Chukua kipimajoto cha jikoni, mimina glasi ya kwanza iache, mimina ya pili papo hapo kwenye glasi iliyopoa kisha pima ndani ya bia yenyewe. Ikisoma zaidi ya digrii 4 umeshapata mchawi wako. Halafu chukua tochi uende kwenye mpira wenyewe. Mulika pale unapotoka kwenye kegi wakati mtu anamimina: ukiona viputo vinapita hapo hapo mwanzoni basi kegi ina joto, au presha iko chini, au ile washa ya mpira kwenye kichwa cha kegi imekatika inaingiza gesi. Mwanzo ukiwa safi lakini viputo vinaonekana karibu na bomba, bia inapata joto njiani. Ikiwa safi mwanzo mpaka mwisho na povu linaanzia kwenye glasi, hapo ni bomba chafu, glasi yenye mafuta, au mteja anafungua bomba nusu. Hilo la mteja ni rahisi, weka picha kwenye skrini: inamisha glasi, fungua bomba mpaka mwisho, mdomo wa bomba usizame kwenye bia.

Kwa mita 9 mimi nina wasiwasi na njia. Sponji ya kuvika mipira peke yake haitoshi umbali huo, inachelewesha joto tu haiondoi. Lazima mipira ya bia ipite kwenye fungu moja na mipira ya glikoli (kimiminika cha kupozea kisichoganda) inayozunguka muda wote, na baridi ifike mpaka nyuma ya bomba, isiishie ukutani sentimita 40 kabla kama ninavyoona mara nyingi. Kwenye baa ya kawaida mhudumu anamimina mfululizo kwa hiyo bia haikai njiani, ila ukuta wa kujihudumia una bomba moja inayopendwa na nyingine inakaa saa mbili bila mtu, ile bia iliyolala kwenye kipande cha mwisho ndiyo inayomlipukia mteja usoni. Kwa hiyo niambie, povu lako liko glasi ya kwanza tu au zote? Likiwa ya kwanza tu baada ya bomba kukaa, mimi naanzia hapo nyuma ya bomba.

Kuhusu mita. Kile kifeni cha ndani kinazungushwa na chochote kinachopita, povu nalo linahesabiwa, mita haijui tofauti. Tibu povu na hesabu itatulia. Ukitaka uhakika tumia mizani, maana povu haliidanganyi mizani: weka glasi tupu, rudisha kwenye sifuri, mimina mpaka skrini iseme mililita 500, uzito uwe gramu 500 na kidogo. Ikitofautiana sana wakati bia haina povu, mita inarekebishwa kwenye programu, na kama bado inayumba ifungue uioshe, mara nyingi utakuta utelezi umeganda kwenye kifeni.

Ambapo tunafika kwenye usafi, na hapa siwezi kunyamaza. Njia za bia zinaoshwa kila baada ya siku 14 kwa dawa ya kostiki ya njia za bia, izunguke na pampu dakika 15, na kila miezi mitatu dawa ya asidi ya kutoa mawe ya bia, yale magamba magumu yanayoganda ndani ya mipira. Kuna watu wanapitisha maji ya moto wanasema wameosha. Wengine sabuni ya vyombo, wengine dawa ya kung'arisha nguo, halafu bia inanuka siagi au siki na lawama anapewa mtengeneza bia. Hata ile povu yako inaweza kuwa na mkono wa uchafu, kila kipande cha uchafu ndani ya mpira ni mahali gesi inapojikusanyia.

Na huyo fundi wako, nenda kaangalie alijaza nini kwenye chombo cha glikoli. Nimekuta kulanti ya gari humo, ile ya kupozea injini. Ya gari nyingi ni ethilini glikoli, ni sumu inayoua figo, na mpira wa bia ukipasuka kidogo tu ndani ya bafu lake inaingia kwenye glasi ya mtu. Inayotakiwa ni propilini glikoli ya daraja la chakula, lebo iwepo, kama hawezi kukuonyesha dumu lake mwaga yote uoshe ujaze upya. Wapo pia wanaosukuma bia kwa kompresa ya hewa ili kuokoa hela ya gesi, bia inaanza kuonja boksi lililolowa kabla kegi haijafika nusu.

La mwisho ni mtungi. Kama uko ndani ya chumba cha baridi utoe nje, usimame wima, ufungwe mnyororo ukutani. Gesi hiyo haina harufu, ni nzito kuliko hewa, inajaa kuanzia chini, na chumba chako kinafungwa kwa mpira pande zote ili baridi isitoke, maana yake gesi nayo haitoki. Funga sensa karibu na sakafu, iwe inalia kuanzia asilimia 0.5, na kengele yake iwe nje ya mlango. Ikilia hakuna kuingia hata kumvuta mwenzako, wengi wanakufa wawili wawili hivyo, fungua mlango, funga mtungi, ita zimamoto.